Mwezi Usioandikwa

Mpiga selo, ile fidla kubwa, aliposhusha upinde na kunyamaza, baba yangu aliniambia kutoka kiti cha nyuma, "Hapo umekosea, mwanangu."

Wapigaji wote wanne wakaacha. Jua la asubuhi lilikuwa limelala kwenye sakafu ya chumba cha mazoezi, na vumbi la ulimbo unaopakwa pinde lilielea juu ya nyuzi kama chumba kizima kiko chini ya maji.

Muziki ule niliutunga kutokana na daftari lake. Miaka arobaini alipima mvua kwenye kituo cha hali ya hewa, hata homa haikumzuia. Milimita zake nilizigeuza nota, na miezi mikavu nikaiacha kimya. Kadiri miaka ilivyosonga, ndivyo kimya kilivyozidi kuumeza muziki. Hiki kilikuwa kimya kirefu cha kwanza.

"Daftari halina kitu hapo, baba. Mwezi mzima."

"Daftari halina. Mvua ilikuwepo." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Ilianza siku tuliyomzika mama yako. Kipimo kilijaa mpaka kikamwagika. Sikwenda kukisoma."



Akaanza kugonga kiti cha mbele yake kwa kucha, tone moja, kisha jingine. Mpiga selo alimtazama, akalaza upinde mapajani, akaufuata mdundo ule kwa ncha za vidole juu ya ubao wa selo.

Baba akafumba macho.

"Taratibu," akasema. "Bado hatujafika makaburini."