Kidirisha cha Angela

Frida alilipunguza tena dirisha la bintiye, safari hii kwa upana wa vidole viwili.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kikubwa kama trei ya sambusa; yeye mwenyewe ndiye aliyekinunua. Lakini tangu walipotoka Mwanza alikuwa ameiwekea mashine kanuni: programu ya kuchorea ifunguke katikati tu, isizidi kipimo alichokiandika, na ujumbe wowote usijitokeze pembeni. Kwingine kote, weusi mtupu.

Angela, mwenye miaka kumi na sita, hakubisha. Alikuwa anachora ufukwe mzima kutoka Kibirizi mpaka Ujiji, na sasa ilimbidi aisogeze picha kipande kwa kipande ndani ya kile kidirisha. Alibakiza milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa.

"Fanya haraka," Frida alimwambia.

"Nafanya, mama."

Marcelina, dada wa mumewe Frida, aliingia bila hodi, kanga yake ikinuka dagaa.

"Wifi, mwanao huyu! Jana kanipita sokoni Kibirizi, nimesimama ubavuni kwake kabisa, hata shikamoo hakuna. Utadhani kapita nguzo ya umeme."

"Shikamoo, shangazi." Angela aligeuza kichwa chote kumtazama.

"Hiyo ya leo. Ya jana iko wapi? Na dagaa wangu niliowaanika kawakanyaga huku anatazama mbele kama askari wa gwaride! Wenzangu wananiuliza, huyu ndiye mtoto wa kaka yako? Mmempeleka Mwanza, karudi na kiburi."

"Nimekusikia, wifi."

"Ni hiyo kompyuta inayomharibu." Marcelina aliinama kwenye kioo, akakiona kidirisha kimebanwa katikati ya weusi. Akacheka. "Kumbe umeshaanza kumkomesha! Hapo sawa. Kaza hapohapo. Mwisho umpe dirisha la ukubwa wa kiberiti, adabu itarudi yenyewe."

"Ndiko tunakoelekea," Frida alisema.

Marcelina aliondoka ameridhika. Frida alifunga mlango, akabaki ameshika komeo.

"Kesho namwambia. Sitaki akutukane tena."

"Usimwambie, mama. Heri aseme nina kiburi."

Frida aliliachia komeo. Alivuta kiti, wakakaa uso kwa uso, magoti yakigusana.

"Niangalie puani. Usihamishe macho."

Alitanua mikono pande zote mbili, vidole juu, kama alivyofundishwa na daktari wa macho kule Mwanza, akaanza kuviingiza taratibu kuelekea usoni mwake mwenyewe. "Sema ukiviona."

Vidole vikafika usawa wa mabega.

"Bado," Angela alisema.

Vikafika masikioni.

"Bado."

Vikapita mashavu, vikapita machozi yaliyokuwa yakitiririka hapo kimya kimya, vikakaribia kuigusa pua.

"Hapo. Sasa naviona."

Mwanya uliobaki ungetosha kupitisha kiberiti tu. Frida aliushikilia vilevile, hakuthubutu kulifuta hata shavu moja.

Angela alikuwa bado amemkazia macho. Akatabasamu.

"Afadhali, mama," alisema. "Leo hujalia."