Kikohozi cha Sauti Nne

Sauti ya tatu walikohoa mapema mno, na mzee wao, Ntate Sekhobe, akagonga benchi la kanisa kwa kifimbo chake.

"Mnakohoa kama mbuzi aliyekabwa na ganda la boga," alisema. "Kikohozi kinatoka kifuani, si kooni. Sauti ya kwanza, laini. Besi, chini kabisa. Haya, nisikilizeni mimi."

Akakohoa. Kilianza kidogo, kikapanda, kikamkunja mgongo mpaka blanketi likamwanguka begani, kikamwacha ameishikilia mimbari huku jasho linamtiririka, na nje theluji imejaa hadi vizingitini. Wanakwaya wakampigia makofi. Huyo ndiye mwalimu wa kwaya bwana, hata uongo anaufanya kwa moyo wote! Kuimba alikuwa ameacha. Alisema sauti anaitunza kwa ajili ya Krismasi.

Uongo wenyewe ulikuja na theluji. Siku ilipoanguka mara ya kwanza mwaka huo, Nesi Limpho alirudi kutoka mji mkuu, Maseru, amenuna, akawaita watu wote wa kijiji cha Ha Mosiuoa zahanati. Aliwaeleza kwamba fedha za kupambana na kifua kikuu zimepungua dunia nzima. Nchi tajiri zimefunga mkono, na serikali haina budi kuchagua pa kupeleka kidogo ilicho nacho. Mama mmoja wa wizarani atapita vijijini kuangalia. Zahanati isiyo na mgonjwa wa kifua kikuu itafungwa, nesi atahamishwa, na yule mpanda farasi anayepeleka makohozi maabara atarudi kuchunga kondoo.

Na kijijini hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Waliougua walikuwa wamemeza vidonge vyao miezi sita, wakapona, wakanenepa, kwa sababu Limpho aliwafuata hadi kwenye malisho ya juu milimani na kumsema vibaya kila aliyesahau dozi. Sasa kazi yake nzuri ndiyo ingemfukuza. Watu waliona huo ni uonevu mtupu. Wajawazito ndio walioogopa zaidi, maana bila Limpho, ukishikwa na uchungu ni safari ya kutwa juu ya farasi.

Sekhobe ndiye aliyetoa wazo. Kama serikali inataka wagonjwa, alisema, basi ipewe wagonjwa. Nesi hakuambiwa kitu.

Aliyechoshwa na sanaa hiyo ni 'Mamosa, mkewe. Alilalamika bombani kwamba mumewe anafanya mazoezi hata kitandani, na chakula anaacha nusu. Wenzake walimcheka. Walimwambia ashukuru, waume wengine wanakoroma tu, kijiji hakipati faida yoyote.

Mgeni wa wizarani alifika siku ya jua kali na baridi kali. Mme Puseletso, yaani Mama Puseletso, alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani. Alikaribishwa kanisani, na kabla hajakaa vizuri, Sekhobe akainua kifimbo. Kwaya ikakohoa. Kina mama wakaanza, wanaume wakadaka, na besi wakashuka chini mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Mme Puseletso alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akawaomba warudie kidogo pale besi wanapoingia.

Walirudia. Ndipo alipotoka akafungua mlango wa nyuma wa gari lake. Ndani mlikuwa na mashine ya kupimia makohozi, na boksi zima la vikopo.

Hilo hakuna aliyeliwaza. Makohozi ya Ha Mosiuoa yalikuwa yanaondoka kwa farasi, na majibu hurudi wakati mtu ameshasahau alitema lini. Walihesabu kwamba majibu yakija, mgeni atakuwa ameshaenda zake na ameshatia saini. Sasa walipanga foleni kwenye upepo, kila mmoja na kikopo chake, wakitema bila kutazamana. Limpho alipoelewa kilichofanyika alimwendea Sekhobe, akamwambia taratibu kwamba amemmaliza. Sima na mboga walizompikia mgeni zilipoa sufuriani.

Jua lilipoinama, mgeni akarudi kanisani. Alianza na sauti ya kwanza: wazima. Ya pili, wazima. Ya tatu, wazima. Kila neno lilishuka kama kofi. Alipofika kwenye besi, Sekhobe hakuvumilia tena. Alisimama, akavua kofia.

"Mme, nesi hana kosa, hakujua. Mimi ndiye niliyewafundisha. Tulikuwa tunaigiza wote, na mimi wa kwanza. Niadhibu mimi, yeye tuachie."

"Kaa, Ntate," alisema Mme Puseletso. "Zahanati haifungwi. Mgonjwa nimempata, mmoja, na nesi wake yupo."

Vigelegele vilipasua paa. Limpho akalia waziwazi, mikono kichwani. Wazee wa besi wakarukaruka kama vijana, na Sekhobe akacheza mpaka pumzi ikamkatikia, akakohoa, akacheka, akaapa kwamba mgonjwa huyo, awe nani, atamchinjia kondoo.

Mme Puseletso alisogea hadi benchi la nyuma alikokaa 'Mamosa, akamuuliza mumewe alianza lini mazoezi haya.

"Ah, tangu tunavuna mtama, Mme," alisema 'Mamosa. "Theluji ilikuwa bado kabisa."