Mpinzani wa Mwajabu

Siku ya kunadi sera katika chuo cha biashara, Mwajabu alikuwa amebaki mgombea pekee wa urais wa wanafunzi. Mpinzani wake, Lusajo, alikuwa amezikwa wiki moja kabla.

Akiwa anangoja kuitwa jukwaani, alisogelewa na baba yake Lusajo, aliyekuja kuchukua vitu vya marehemu bwenini.

"Samahani, binti. Lusajo alinipigia simu akasema atashinda. Ni kweli angeshinda?"

Mwajabu alijua kwamba wanafunzi wengi walikuwa upande wake yeye mwenyewe, si wa Lusajo, tangu mwanzo.

"Angenishinda, baba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata mimi ningempigia kura."

Mzee akaomba aruhusiwe kusimama kidogo tu pale jukwaani ambapo mwanawe angehutubia. Akapanda, akafunga vifungo vya koti, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.