Sauti ya Baba Kwenye Skrini

Yolima aliisoma tena namba ile: sifuri. Skrini mpya ya baba yake ilipoulizwa upana wake, ilijibu sifuri.

Kumbe kosa halikuwa kwenye programu aliyomwandikia baba. Lilikuwa ndani ya zana alizotumia kuchorea vitufe na madirisha. Zilipima herufi kwa upana wa skrini, na zikipewa sifuri, zilichora herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Tangu kiharusi kimnyang'anye sauti, baba alizungumza kwa kukazia macho herufi moja moja kwenye skrini. Skrini ya zamani ilipokufa, alinyamaza. Sasa hakutaka hata kufumbua macho.

Yolima aliongeza mstari mmoja kwenye zana hizo: ikija sifuri, tumia kipimo cha kawaida.

“Baba, hebu tazama.”

“Mwache apumzike, mwanangu,” mama alisema. “Umemsumbua tangu asubuhi.”

Herufi zilitokea, nene, kila moja kubwa kama kidole gumba. Jicho la kushoto la mzee lilifunguka, likatulia kwenye A, kisha likasogea polepole. Yolima alizisoma herufi moja moja.

AREPA ZINAUNGUA.

Mama alikimbilia mikate yake ya mahindi jikoni, huku analia, huku anacheka.