Alama ya Kenge

Panya mmoja mwoga alijifungua ndani ya mtaro mkubwa wa mji, na mawingu yalipotanda akamkimbilia Kenge, ambaye mtaro mzima ulimwamini kwa habari za mafuriko.

"Mzee Kenge, maji yatafika wapi safari hii?"

"Pale," akasema Kenge, akionyesha alama aliyoikwaruza ukutani. "Mvua ya mwaka jana iliishia pale. Waambie wenzako walale."

"Lakini kule juu nilikokuwa nachuma nyasi sasa ni saruji tupu, Mzee, hakuna hata jani, na maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo yataenda wapi kama si huku kwetu?"

Nguchiro, jirani yake, akacheka. "Mwenzangu, tangu uzae unaogopa hata kivuli chako!"

Panya akawabeba wanawe mdomoni, mmoja mmoja, mpaka juu ya ukuta, wala hakuna aliyemsindikiza.

Mvua ikanyesha kama ile ya mwaka jana, lakini maji yakaipita alama, yakaujaza mtaro wote.

Kulipokucha Panya aliita majirani mpaka sauti ikamkauka. Akatokea Kenge peke yake, maana yeye anajua kuogelea.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

"Walilala, Mzee, kama ulivyosema."