Jembe Linalosoma Nia

Mtaani kwetu mti haupandwi kwa jembe lolote. Unapandwa kwa jembe la mtaa, lenye mpini unaosoma nia. Ukipanda kwa moyo, taa yake inawaka kijani. Ukipanda kwa woga au kwa kujionyesha, inawaka nyekundu. Mke na mume wote wakipata kijani, mtaa unaipulizia nyumba yao hewa ya baridi usiku ule. Mwanetu Tunu ana harara mgongo mzima, halali, kwa hiyo ubaridi tunauhitaji kweli.

Mimi sina wasiwasi, nyekundu sijawahi kuipata. Wasiwasi wangu ni Mbwana, mume wangu.

"Baba Tunu, acha kulilaani jua. Mfikirie mtoto."

"Namfikiria. Na kiuno changu nacho nakifikiria."

Mama mkwe alikuwa barazani akimpepea Tunu. "Nia inakaa moyoni," akasema. "Tangu lini ikahamia kwenye betri?"

Mbwana akaangua kicheko, akafukia mwarobaini wake huku bado anacheka. Kijani. Nikapiga vigelegele majirani wote wasikie, nikalichukua jembe, nikapanda wangu vizuri kama siku zote.

Nyekundu.

"Haya, mwalimu kafeli!" Mbwana akasema.

"Jasho tu hilo," nikamjibu. Nikaufuta mpini kwa khanga, nikachukua mche mwingine, nikafumba macho nimfikirie mwanangu. Nilimsikia analia pale barazani, karibu kabisa, na bado nilichokuwa nakiona ni taa.