Saladi ya Kichwani

Yai lilikuwa limeiva kichwani mwa Mtanashati.

Alikosea kujisuuza kwa maji ya moto. Sasa alikuwa amepiga magoti bafuni, akichambua vipande vya kiini utosini na kuviwahi kabla havijaziba tundu la maji. Parachichi lilikuwa limejipenyeza katikati ya vigae. Na mkewe alikuwa njiani kurudi.

Jina la Mtanashati alipewa kazini, kwenye kibanda cha tiketi, kwa ajili ya tai zake na viatu vya kujitazamia. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilikaa pabaya. Akiinama kuandika tiketi, abiria aliyesimama nje ya kioo aliona uwanja mtupu utosini. Siku moja mwanamke wa rika lake kabisa aliinama dirishani akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, babu. Nipe mbili."

Siku hiyo alirudi nyumbani na kofia mpya.

Na huyu ndiye aliyekuwa akimcheka mkewe kila Jumapili. Mkewe, mpishi wa kantini ya kiwanda, aliponda parachichi kwa uma, akatia kiini cha yai, asali na mafuta ya nazi, kisha akalipitisha lote kwenye chujio la chai ili makapi yasinase kwenye nywele. Akimaliza, alifunika bakuli na kuliweka kwenye friji.

"Acha lipoe," alisema. "Nitapaka nikirudi." Akajifunga kilemba, akaenda zake kwa mdogo wake.

Mtanashati aliingia jikoni kama mkaguzi: anachungulia, anatoa kasoro, anatoka. "Wenzako wanakula parachichi, wewe unalivaa," alimwambia. Wageni wakija ndiyo usiseme. "Karibuni mezani, jamani. Ila saladi msiitafute, iko kichwani mwa mwenye nyumba." Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Mkewe aliinamisha macho, akaendelea kupakua.

Basi Jumapili ile baada ya "Shikamoo, babu," mke alipotoka, mume alifungua friji. Kijiko kimoja tu, alijiambia. Kijiko kikazaa kijiko. Alipotosheka alisawazisha uso wa bakuli kwa mgongo wa kijiko, kama fundi anayepiga lipu.

Kuiba hakukumsumbua. Kuficha ndiko kulikomtoa jasho. Mafuta ya nazi yalifanya sakafu iteleze, ikabidi amwage sabuni ya unga na kusugua hadi pembeni. Taulo lilinuka yai, akalifua; na kwa kuwa taulo moja peke yake kwenye kamba lingezua maswali, akafua yote. Kijiko kimoja safi ndani ya sinki lililojaa vyombo vichafu kingemsema, akaviosha vyote, masufuria nayo.

"Nani kaosha vyombo?" mkewe aliuliza aliporudi.

"Nani mwingine? Mtu anayeshinda akijipaka saladi atapata wapi muda wa vyombo?"

"Ni kweli, mume wangu. Nisamehe."

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili aliiba, akasugua, akafua. Kila Jumatatu alijitazama kwenye kioo cha kibanda na kuona kivuli cha nywele utosini, ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Na kadiri alivyoiba ndivyo maneno yake yalivyozidi makali, maana mwizi hataki soko linyamaze.

Siku hii ya yai kuiva, aliponea chupuchupu. Alikuwa anaanika taulo la mwisho mke alipoingia, safari hii akiwa na mdogo wake. Mtanashati alivuta kofia chini, akaanza yeye.

"Shemeji, afadhali umekuja. Mshauri dada yako. Mayai yanaisha, parachichi zinaisha, na kichwa chenyewe kutwa kimefungwa kitambaa. Hizo nywele tunazozilisha ziko wapi?"

Akatoka nje kifua mbele, kama aliyeshinda kesi.

Shemeji alisubiri mlango ufungwe. "Dada! Huyu mwanamume anakuibia! Ana parachichi nyuma ya sikio!"

"Najua."

"Unajua, na bado anakutukana mbele yangu? Si ulifungie hilo bakuli?"

"Nilifungie ya nini? Mimi yai bichi silivumilii hata harufu. Sijawahi kulipaka hata siku moja."

Mdogo mtu aliketi. Polepole uso wake ukalegea, macho yakajaa maji. "Kumbe ni lake! Unajua ukimpa mkononi atakataa kwa kiburi, ndiyo maana unamwachia aibe. Ili ziote. Dada yangu, una moyo wewe."

"Ziote?" Dada alicheka kwa pua. Alipita bafuni, akakagua vigae, akanusa taulo, akarudi jikoni na kupitisha kidole kwenye sufuria iliyong'aa kama mpya. "Tangu anioe, mtu yule hakuwahi kusuuza hata kikombe. Jumapili ijayo nataka asugue na kuta. Nikumbushe ninunue bizari ya manjano ya kutia bakulini."